Kijidudu Kisicho na Ukuta

Mbuzi mpya alikohoa mbele ya Savri, na Savri akanyamaza. Kosa ni hilo. Mengine yote yaliyofuata yalikuwa watoto na wajukuu wa kosa hilo.

Mbuzi huyo aliletwa na ami yake, Qurbonsho, kutoka mnada wa ng'ambo ya mto. Alikuwa jike mweusi mwenye kiwele kizuri, na bei yake ilikuwa ndogo mno. Mtu mwenye akili akiona mbuzi wa maziwa anauzwa kwa bei ya kuku hujiuliza muuzaji anakimbia nini. Qurbonsho hakujiuliza. Alirudi kijijini akipiga mluzi, akasimulia jinsi alivyomchezea shere mwenye mbuzi.

Ni lazima nimseme mtu huyu kidogo. Qurbonsho alikuwa na kisanduku cha bati. Ndani yake mlikuwa na bomba moja la sindano na vichupa vya penisilini, na kwa sababu ya kisanduku hicho alitaka kijiji kizima kimwite daktari. Zamani aliwahi kumbebea mizigo daktari wa mifugo aliyepita bondeni kwetu, na kwa kubeba mizigo akadhani amebeba na elimu. Ng'ombe akivimba tumbo, penisilini. Punda akichechemea, penisilini. Mnyama akipona, amemponya yeye. Akifa, ni Mungu aliyemtaka.

Huyo mbuzi mweusi naye alipigwa sindano, kisha akakabidhiwa Savri awapeleke wote malishoni. Savri alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa Urusi, akiwajengea watu wengine nyumba. Mama alibaki bondeni na viazi na mtoto mchanga. Kwa mara ya kwanza binti huyo alipewa mbuzi wote wa nyumba, tisa wao na huyo mweusi wa kumi, akae nao malisho ya juu hadi baridi itakaporudi. Alijiona mtu mzima, na kujiona kwake kulikuwa kukubwa kuliko utu uzima wenyewe.

"Kikohozi ni cha vumbi la njiani," ami yake alimwambia. "Ukifika juu usianze kubwabwaja mbele ya wale wanawake wanaokaa zizini. Ukisema mbuzi anakohoa, watamfunga kando yeye na wenzake, na zamu yetu ya maziwa imekufa."

Maneno hayo yalimwingia Savri, kwa sababu zamu ya maziwa si jambo dogo. Kule juu mbuzi wa nyumba zote hulala zizi moja, na maziwa yote ya siku hupewa nyumba moja, ili iwe na ya kutosha kutengeneza siagi na jibini kavu ya majira ya baridi. Kesho yake ni zamu ya nyumba nyingine. Ili asipunjwe mtu, kila nyumba ina kijiti chake. Maziwa yako yakikamuliwa, kijiti hutumbukizwa ndooni, na pale maziwa yalipofika hukatwa alama ya unachodai. Ukitoa mbuzi wako zizini, umetoa na kijiti chako.

Siku ya kupanda walitoka kijijini mapema, baada ya chai ya maziwa na chumvi. Savri alifuatana na Oyim, binti wa rika lake, aliyekuwa na mbuzi wawili tu. Hawakuwa marafiki. Majira ya kuchipua yaliyotangulia, matope ya mlimani yalishuka na kubomoa kuta zote nne za nyumba ya akina Oyim. Zilibaki nguzo tano za mbao, zile zilizomo katika kila nyumba ya kwetu, na paa juu yake. Baba yake Oyim alitundika mablanketi ya sufu na mashuka ya plastiki pembeni, maisha yakaendelea. Watoto wakawaita Wasio na Ukuta. Aliyebuni jina hilo ni Savri. Alikuwa na kawaida ya kusimama nje ya nyumba ile na kuuliza kwa sauti, "Hodi nigonge wapi?" Wenzake walicheka kila mara, kama kwamba ni kichekesho kipya.

Walipofika kwenye kona ya kwanza ya mlima, mbuzi mweusi alinyoosha shingo akakohoa. Kilikuwa kikohozi kizito, cha ndani, na baada yake mnyama alisimama miguu ya mbele ikiwa imetanuka, kama anayeogopa mbavu zake mwenyewe.

"Huyo wenu anaumwa," Oyim alisema.

"Ni vumbi."

"Vumbi hili wanalivuta wote. Mbona anakohoa yeye peke yake?"

"Jengeni kwanza ukuta," Savri alimjibu, "ndipo mje kufundisha watu ufugaji."

Oyim aliwavuta mbuzi wake wawili, akatembea nyuma sana, mahali ambapo hawakuweza kugusana na wa Savri.

Zizi la malisho ya juu ni la mawe, na lina mlango mmoja. Mlangoni alikaa Bibi Davlatmo, mkubwa wa wanawake wote wa kule. Mbele yake palikuwa na sahani ya makaa, na juu ya makaa majani makavu ya spandi yakitoa moshi mweupe unaowasha macho. Ndivyo tulivyozoea: mbuzi wa kila nyumba hupitishwa katika moshi huo wa baraka, na mwenye mbuzi huulizwa swali moja mbele ya watu wote, "Wamelalaje?" Ukisema wamelala salama, mlango unafunguliwa. Hakuna anayewakagua. Neno lako ndilo ukaguzi.

Sasa, mbuzi akivuta moshi wa spandi hukohoa. Wote hukohoa, wazima na wagonjwa. Savri alilijua hilo, na hapo ndipo ujinga ulipovaa nguo za ujanja. Alimshika mbuzi mweusi pembe, akamweka pale moshi ulipokuwa mzito kuliko mahali pengine.

"Wamelalaje, mwanangu?" Bibi Davlatmo aliuliza.

"Wamelala salama, bibi."

Oyim alisogea, akamnong'oneza bibi kwamba yule mweusi alikohoa tangu njiani, kabla hata ya moshi kuwashwa. Bibi akamtazama Savri, akamuuliza mara ya pili. Savri hakupepesa jicho.

"Ni moshi, bibi. Au mbuzi wa Oyim wakivuta moshi huimba?"

Wanawake walicheka. Bibi Davlatmo naye alicheka, akafungua mlango. Oyim alibaki nje na wanyama wake wawili, akasema kwamba yeye hatawaingiza, atawafunga juu kwenye mwamba, kando ya kijito. Bibi alimkumbusha kuwa anayetoa mbuzi ametoa na zamu yake.

"Najua, bibi," Oyim alisema.

Akamwachia bibi kijiti chake kisicho na alama hata moja, akaenda zake. Savri alimtazama akipanda, akawaambia wenzake kwamba watu wasio na ukuta sasa wamekuwa pia watu wasio na maziwa. Wakacheka tena.

Kicheko hicho hakikudumu. Zamu ya Savri haijafika, mbuzi mweusi aliacha kula. Pua zikatoa makamasi mazito, pumzi ikawa inakoroma, na asubuhi moja akakutwa amelala ubavu, amekufa. Kisha wakaanza waliolala karibu naye: mmoja wa jirani, wawili wa Savri, na wengine zaidi. Zizi zima likawa linakohoa bila moshi wowote.

Savri alikuwa na mbuzi wake mmoja mweupe, jina lake Safedak. Mama yake Safedak alikufa wakati wa kuzaa, na Savri ndiye aliyemlea kwa kitambaa kilichochovywa maziwa, akamlaza miguuni pake wakati wote wa theluji. Jioni aliposikia Safedak naye amekohoa, alimfunika kwa shali yake. Hata hivyo hakusema kitu. Alituma habari kwa ami yake.

Qurbonsho alipanda na kisanduku cha bati. Alifika akiwa na hasira na kila mtu, akawaambia wanawake kwamba uchafu wa zizi lao ndio umeua mbuzi wake wa bei kali. Aliwachoma wote penisilini, wazima na wagonjwa, kwa sindano ile ile moja aliyoifuta kwenye kanzu. Mbuzi waliendelea kufa. Akarudia, safari hii kwa dozi maradufu, akisema ugonjwa wa mapafu ni ugonjwa mwoga. Mbuzi hawakusikia kwamba ugonjwa ni mwoga. Wakafa tu.

Alipoishiwa dawa, alitafuta mtu wa kumtwika lawama. Akauliza kwa nini mbuzi wawili wa Oyim hawakohoi. Akaonyesha kijito kinachopita kwenye mwamba wao kabla ya kufika zizini. Akasema ugonjwa umeshuka na maji kutoka kwa wale wasio na ukuta, na ndiyo maana yule binti aliwaficha kando tangu siku ya kwanza. Lilikuwa neno la kipumbavu, lakini watu wenye hofu hawachagui neno, huokota lililo karibu. Wanawake wakaanza kumtazama Oyim kwa pembe ya jicho. Savri alikuwa pale, akasikia yote, akaendelea kumsugua Safedak mgongo.

Oyim hakubishana na mtu. Kulipokucha, mwamba wake ulikuwa na mbuzi wawili tu na mkate uliomegwamegwa mbele yao. Mwenyewe alikuwa ameshuka bondeni kutafuta mahali simu inaposhika. Alirudi na mwanamke mwenye mabuti ya mpira na begi zito. Alikuwa Daktari Parvona, daktari wa mifugo wa wilaya.

Daktari hakunywa hata chai. Aliomba mzoga wa mbuzi aliyekufa siku hiyo, akaupasua nje ya zizi watu wakitazama. Pafu moja lilikuwa limevimba, gumu kama ini, limeganda kwenye mbavu, na kifua kilikuwa na maji ya manjano. Akasema dalili zote ni za homa ya mapafu ya mbuzi, ile inayoambukizwa kwa pumzi. Atapeleka kipande maabara, lakini matibabu hayawezi kusubiri jibu. Kisha akauliza wamepewa dawa gani.

Qurbonsho alijitokeza. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe amewatibu kwa penisilini, tena maradufu.

"Ungewapa hata ndoo nzima," Daktari Parvona alisema, "ingekuwa sawa na kuwaogesha kwa maji ya kijito."

Daktari akaosha mikono, akaeleza taratibu, maana aliona kuna watoto. Alisema vijidudu vingi vinavyoleta magonjwa vina ukuta unaovizunguka, na kila vikikua huendelea kuujenga. Penisilini huharibu ujenzi huo. Ukuta hupasuka, kijidudu hufa. Lakini kijidudu hiki hakina ukuta hata kidogo. Kina utando laini tu. Penisilini inakuja kubomoa, inakuta hakuna cha kubomoa.

Qurbonsho alicheka, akawageukia wanawake. "Mmesikia? Kijidudu kisicho na ukuta! Hata panya ana tundu lake. Kitu kisicho na ukuta kinasimamaje, daktari? Si kitamwagika kama uji?"

Alidhani amemkamata. Daktari alikuwa anamtazama Oyim, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe, midomo imepasuka kwa safari.

"Jana nililala kwenu," alimwambia. "Hebu mjibu mzee huyu. Kisicho na ukuta kinasimamaje?"

"Kwa nguzo za ndani," Oyim alisema.

"Ndivyo. Vijidudu vya ukoo huu, wataalamu wamevitazama kwa hadubini yenye nguvu sana, na ndani ya baadhi yake wameona nyuzi. Ni nyuzi za protini, nyembamba kupita fikra zako, zimejipanga ndani ya mwili wa kijidudu. Hizo ndizo zinazokishikia umbo. Nimelala nyumba isiyo na ukuta hata mmoja, upepo ukapiga mpaka asubuhi, paa halikutikisika. Ninyi wote mna nguzo tano majumbani mwenu, na bado mnafikiri nyumba ni ukuta."

Kila mara aliyouliza hodi agonge wapi ilimrudia Savri, na safari hii hapakuwa na wa kucheka naye.

Daktari alitoa dawa nyingine. Alisema hii haishughuliki na kuta, bali humzuia adui kutengeneza protini zake, na asiyeweza kutengeneza protini hawezi kuishi wala kuongezeka. Lakini hakuwa na ya kutosha zizi zima. Ilimbidi aanze na wagonjwa wanaoweza kupona na wale waliolala karibu na mgonjwa wa kwanza, kisha wengine watengwe hadi atakapoleta zaidi. Kwa hiyo akauliza: nani alikohoa kwanza, na alilala upande gani?

"Wale wawili wa mwambani," Qurbonsho alisema upesi. "Ugonjwa ulishuka na maji. Anza na wanaolala upande wa kijito."

Wanawake kadhaa wakatikisa kichwa kukubali. Daktari alifungua begi, akaanza kuelekea upande wa kijito, ambako mbuzi walikuwa bado wazima. Upande wa pili, penye giza la ukuta wa mawe, Safedak alikuwa amenyoosha shingo, ulimi nje, akivuta pumzi kana kwamba kila moja ni ya kununua.

Savri aliona chupa ya dawa inaelekea kusikostahili. Aliona pia ami yake anamkazia macho.

"Si wa Oyim," alisema.

"Nyamaza, wewe," Qurbonsho alisema.

"Si wa Oyim, daktari. Ni mweusi wetu. Alikohoa njiani, kabla ya kufika. Alikohoa hata kijijini. Ami alijua na mimi nilijua. Nilimweka kwenye moshi makusudi, ili bibi asijue." Alinyoosha kidole. "Alilala pale, ukutani. Wa karibu yake walikuwa wetu, na wa jirani yetu, na hao watano wa pembeni ile."

Hakuna aliyempigia makofi, na hakustahili. Daktari Parvona aligeuka, akaenda upande ule, akaanza kazi. Bibi Davlatmo alisimama polepole, akakichukua kisanduku cha bati kutoka kwapani mwa Qurbonsho, akamwambia ashuke bondeni kuchimba mashimo ya kuzikia mizoga, kazi isiyohitaji elimu. Akashuka. Njiani, nasikia, alikuwa bado anabishana peke yake.

Zizi liligawanywa sehemu tatu kwa mawe: wagonjwa, waliokuwa karibu nao, na wengine. Hakuna mbuzi aliyeruhusiwa kutoka wala kuingia. Savri alipewa kazi ya kuwachotea maji wagonjwa na kuwashika wakichomwa, na alipomaliza na wa kwao aliwashika wa wengine. Daktari alirudi na dawa zaidi na jibu la maabara; ugonjwa ulikuwa ule ule aliousema. Vikohozi vikapungua, vikaisha. Lakini Safedak alikuwa amekwenda mbali mno. Alikufa kichwa chake kikiwa juu ya goti la Savri, baada ya sindano ya pili.

Siku hiyo Savri alipanda hadi mwambani. Alimwambia Oyim kwamba aliuacha uongo usemwe juu yake na kwamba jina lile alilibuni yeye.

"Hilo la jina nalijua," Oyim alisema. "Ulikuwa unagonga kwa sauti kubwa." Akamsogezea kipande cha mkate. Hakusema amemsamehe, na Savri hakuuliza.

Kabla ya kushuka bondeni, Bibi Davlatmo aliwakusanya wasichana wote mlangoni mwa zizi. Sahani ya makaa ilikuwa pale, lakini hakuiwasha.

"Mdharau mwiba, mguu huota tende," alisema. "Savri alimdharau Oyim kwa kuwa nyumba yake haina ukuta. Ami yake alikidharau kijidudu kwa sababu hiyo hiyo. Nami nilicheka, kwa hiyo nimo. Lakini dharau peke yake isingetuua. Mlango huu haukulindwa na mawe wala na moshi. Ulilindwa na neno moja la kweli, na neno hilo ndilo lililokosekana. Kuanzia mwaka ujao mbuzi watatazamwa kwanza, moshi baadaye. Na anayemtenga mbuzi wake mgonjwa hatapoteza zamu yake. Sheria ile ya zamani ilikuwa inamlipa mwongo, na sisi wazee ndio tuliotunga."

Akamkabidhi Oyim kijiti chake, akamwambia aanze kukata alama.

Mbuzi walioingia zizini walikuwa sitini na mmoja. Walioshuka kabla ya theluji ya kwanza walikuwa thelathini na wanane. Akina Savri walipeleka kumi, wakarudisha watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na maziwa. Siagi ya majira ya baridi waliyoshusha: hakuna. Jibini kavu: mfuko mmoja, ambao mama yake Oyim aliuleta mwenyewe hadi mlangoni kwa akina Savri, akagonga ukutani, akauacha hapo.